Ramani Iliyo Ukutani Kwangu

Ukutani kwangu, juu ya kabati la vitabu, ipo ramani moja kuukuu iliyotiwa katika fremu ya mninga. Wageni wengi huitupia jicho mara moja, hudhani ni kielelezo cha kufumia kitambaa, kisha huendelea na mazungumzo. Siwalaumu. Kwa mbali haionyeshi kitu ila mistari ya kusimama na ya kulala iliyokatana kama wavu wa kuvulia samaki, na mto mkubwa unaopinda upande wa mashariki. Ni ramani ya serikali ya Marekani ya mwanzo wa miaka ya 1850. Ilichorwa katika ofisi ya Mpima Mkuu iliyokuwa mjini Dubuque, ili kuonyesha kazi ya kupima ardhi ya jimbo la Iowa imefika wapi. Niliinunua mwaka 1985 nilipokuwa mwanafunzi huko, katika duka la mzee mmoja aliyeuza vitabu na karatasi za zamani. Nilipomwandikia mke wangu bei yake, alinijibu akiuliza kama huko niliko hakuna baridi, maana fedha hizo zingetosha koti.

Kazi yangu ilikuwa upimaji ardhi. Nimeifanya miaka thelathini na zaidi, na sasa nimestaafu. Ramani ile niliipenda kama seremala anavyopenda mlango uliochongwa vizuri na seremala mwingine: hakuuchonga yeye, lakini mkono wake unajua ugumu wake. Baadaye lilitokea jambo katika maisha yangu likanifanya niitazame kwa jicho jingine. Nataka kumweleza msomaji jambo hilo, kwa sababu swali lililomo si la wapima ardhi peke yao. Ni la karani, la mwalimu, la daktari, la kila mtu anayefanya kazi aliyotumwa na mwingine. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu wote, asiseme uongo hata mmoja, na bado akawa ameshiriki katika dhuluma?

Kwanza nieleze mistari ile ilitoka wapi.

Wamarekani walipokwisha kujitoa katika utawala wa Uingereza, serikali yao changa ilikuwa na madeni makubwa ya vita na haikuwa na fedha. Ilichokuwa nacho ni ardhi ya magharibi, au ilisema kuwa inayo. Tarehe 20 Mei 1785 bunge lao lilipitisha sheria ya kuipima ardhi hiyo ipate kuuzwa. Haikupimwa kwa kufuata mito na vilima kama ilivyokuwa desturi ya sehemu nyingi. Iligawanywa katika miraba, kila mmoja maili sita kwa sita, na kila mraba ukakatwa vipande 36 vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Kipande cha 16 cha kila mraba kiliwekwa kando kwa ajili ya shule. Mwezi Septemba mwaka huo huo Thomas Hutchins, aliyekuwa na cheo cha Mwanajiografia wa Marekani, alianza kazi kwenye ukingo wa Mto Ohio. Baada ya siku chache akaisimamisha kwa kuwaogopa wenyeji wa nchi, ambao hawakuwa wameulizwa. Lakini kazi ilianza tena, na vizazi vilivyofuata viliendelea nayo mpaka miraba ile ikafika Bahari ya Pasifiki. Mtu akipita kwa ndege juu ya Iowa leo ataiona bado: mashamba na barabara vimekaa kama bao la drafti.

Chombo kikuu cha kazi ile kilikuwa mnyororo. Mwingereza Edmund Gunter aliubuni mwaka 1620. Una urefu wa futi 66 na pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja. Minyororo kumi ya mraba ni ekari moja. Watu wawili waliuvuta, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakiwa wamekula kiapo kwamba watapima kwa haki. Walipita katika vinamasi na misitu, katika nyasi zilizozidi kimo cha mtu, wakiumwa na mbu wakati wa joto na kukanyaga theluji wakati wa baridi. Malipo ya kazi yalihesabiwa kwa maili. Kwenye kila pembe walikita kigingi, kisha wakachagua miti ya karibu, wakaichanja alama, wakaandika kila mti ni wa aina gani, unene wake, upande uliko na umbali wake kutoka kigingini. Miti hiyo waliiita miti ya ushahidi, kwani kigingi kikioza au kikang'olewa, mti utasema kilikuwa wapi. Kwenye mbuga zisizo na miti walijenga tuta dogo la udongo, na chini yake mara nyingi walizika mkaa. Mkaa hauozi. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikatembeatembea chumbani kwa furaha, na anayeijua kazi hii ataelewa kwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiye mpimaji huenda asilifikirie. Dunia ni mviringo. Mistari inayokwenda kaskazini huzidi kukaribiana kadiri inavyosogea, kwa hiyo miraba iliyo sawasawa haiwezi kuenea juu yake. Lazima kosa litokee. Kanuni yao ilikuwa kwamba kosa hilo lisukumwe kwenye safu ya mwisho ya kaskazini na safu ya mwisho ya magharibi ya kila mraba, ili vipande vingine vyote viwe kamili. Kila mpimaji anajua kwamba kosa haliondolewi, huwekwa mahali. Nilipokuwa kijana niliona hiyo ni akili. Bado naona ni akili. Lakini siku hizi najiuliza pia juu ya wale wanaoishi katika safu ya mwisho.

Msomaji asidhani naidharau kazi ile. Huko Kentucky, ambako haikufika, ardhi ilielezwa kwa maneno: kutoka mwaloni ule hadi jiwe lile, kisha ufuate kijito. Mialoni ilikufa, vijito vilihama, na watu wawili watatu wakajikuta na hati za shamba moja. Thomas Lincoln, baba yake Abraham Lincoln, alipoteza ardhi Kentucky kwa sababu ya hati mbovu za namna hiyo, na mwaka 1816 akahamia Indiana, ambako serikali ilikuwa imepima. Mwanawe alipokua aliwahi mwenyewe kuwa mpima ardhi Illinois, katika miaka ya 1830. Na ndiye aliyetia sahihi, tarehe 20 Mei 1862, sheria iliyompa mtu ekari 160 akikaa juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Watu maskini waliotoka Ulaya, ambao hawakuwahi kumiliki hata bustani, walipata shamba lenye mipaka isiyobishaniwa. Mnyonge anahitaji mpaka ulio wazi kuliko tajiri, maana tajiri ana wakili.

Basi ubaya uko wapi?

Wakati wa masomo yangu mwalimu mmoja alinionyesha nakala ya ramani nyingine ya nchi ile ile. Ramani yenyewe imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Mwaka 1837 lilifanyika baraza mjini Washington, na mkuu mmoja wa Waiowa, jina lake Notchininga, alikwenda nayo. Wasauk na Wameskwaki walidai kwamba nchi ile ni yao na kwamba wao ndio wenye haki ya kuiuza kwa serikali. Notchininga akaiweka ramani yake mbele ya baraza. Mito imo, Mississippi na Missouri na vijito vyake, imechorwa na mkono wa watu walioivuka. Vijiji vimo, na kutoka kijiji hadi kijiji inapita njia waliyohamia babu zao. Hoja ilikuwa nyepesi: tazameni tulikoishi. Haikufaa kitu. Serikali ilikubali dai la wale wengine, waliokuwa wamewashinda Waiowa kwa vita. Waiowa wenyewe walikuwa wamekwisha kusukumwa ng'ambo ya Missouri kwa mkataba wa mwaka 1836. Jimbo limebaki na jina lao.

Nilipoiweka nakala ile kando ya ramani yangu, ilikuwa vigumu kuamini kwamba ni nchi moja. Mito ni ile ile. Lakini ya kwanza ina watu wanaotembea, ya pili ina vipande vya kuuza. Wahenga wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kawaida methali hii tunaisema kwa mzaha, mtu akichelewa chakula. Lakini tuitazame tena. Haisemi kwamba asiyekuwapo hana haki. Inasema tu kwamba haki yake haitaonekana mezani. Wala haielezi ni nani aliyeamua kwamba hayupo. Notchininga alikuwapo. Alisimama Washington kwa miguu yake, akaonekana, akasikiwa. Na bado ramani zilizofuata zilichorwa kana kwamba watu wake hawakuwapo kamwe.

Hapo ndipo unapoanza ugumu wa swali langu, maana wapimaji waliona. Maelekezo ya serikali kwa wapima ardhi ya mwaka 1855 yaliwataka waandike daftarini yale watakayoyapita: aina ya udongo, miti, mito, barabara na vijia, mashamba, hata vijiji na vibanda vya wenyeji, na matuta ya kale yaliyojengwa na watu. Wengi waliandika. Katika karatasi za mraba mmoja mmoja utaikuta njia ya wenyeji imechorwa, ikikatiza kwa mshazari mistari iliyonyooka, kama mtu anayekatiza uani kwa jirani. Siku hizi karatasi hizo zimewekwa katika intaneti, na nimekaa jioni nyingi nikizifuata njia hizo kutoka karatasi hadi karatasi. Lakini ramani ya jimbo zima, kama hii ya kwangu, haina hata njia moja ya namna hiyo. Katika safari ya kutoka porini hadi Dubuque, na kutoka Dubuque hadi Washington, njia zilipotea. Si lazima awepo aliyezifuta kwa uovu. Kila ofisi ilichukua ilichohitaji kutoka ofisi iliyotangulia, na hakuna aliyehitaji njia ya watu wale. Mpimaji atasema, mimi niliiandika. Mchoraji atasema, mimi sikuagizwa kuichora. Mbunge atasema, katika ramani niliyopewa hapakuwa na mtu. Na wote watatu watakuwa wanasema kweli.

Linganisha na jambo hili. Katika miaka ya 1870 na 1880, huko California, palikuwa na kundi la wapimaji na wasaidizi wao lililoongozwa na John A. Benson. Walipokea fedha za serikali kwa kupima sehemu ambazo nyingine hawakuzikanyaga. Waliketi ofisini wakabuni madaftari: miti ya ushahidi isiyokuwapo, vigingi visivyokitwa. Mambo yalipogunduliwa, watu wa kundi hilo walifunguliwa mashtaka, na ilistahili. Lakini angalia mizani ya dunia: mstari wa uongo ulioihadaa hazina ya serikali ni jinai; mstari wa kweli uliopita katikati ya makao ya watu bila kuwataja ni kazi nzuri, yenye malipo kamili.

Sasa nifike kwangu. Mwaka 1991, nikiwa nimerudi nyumbani, nilitumwa kupima shamba kubwa la hekta elfu kadhaa katika nyanda kame. Sitataja wilaya wala waliolipia kazi. Maagizo yalikuwa mipaka, bikoni na ukubwa wa eneo, basi. Ndani ya mipaka ile niliona maboma mawili ya wafugaji, makaburi saba yaliyorundikiwa mawe chini ya mgunga, na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mikono, kandokando yake mabirika ya udongo ya kunyweshea ng'ombe. Kwa desturi niliyofundishwa, nilivitia vyote kwa penseli katika daftari langu la uwandani.

Siku moja mzee mmoja alikuja akachutama karibu na chombo changu, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, unaandika nini?"

"Naandika mipaka, mzee."

"Ya nani?"

"Ya shamba."

Akanyamaza kidogo. "Na kisima umekiandika?"

"Kisima nimekiona, mzee."

"Sikukuuliza kama umekiona."

Nilimwambia kwamba mimi ni mpimaji tu, na kwamba mambo ya nani anakaa wapi yana wenyewe huko mjini. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulisikia jibu hilo mahali pengine. Niliporudi ofisini nikachora ramani safi. Hesabu zake zilifunga vizuri. Kosa lilikuwa dogo kiasi kwamba mkubwa wangu aliwaonyesha vijana. Kisima hakikuwamo, wala maboma, wala makaburi, kwa sababu havikuagizwa. Miaka miwili baadaye niliona kwa macho yangu nakala ya barua ya kuwataka watu wale wahame. Ilisema kwamba kwa mujibu wa ramani ya upimaji, eneo lile ni pori tupu. Ramani iliyotajwa, kwa namba yake, ilikuwa ya kwangu.

Nilijitetea mbele ya nafsi yangu kwa miaka kumi. Nilisema, sikusema uongo. Ni kweli, hakuna mstari katika ramani ile ambao ningeuonea haya. Lakini kimya nacho hutoa habari. Msafiri akikuuliza habari za njia, nawe umemwona simba mbele, kisha ukamweleza kwa ufasaha umbali uliobaki na hali ya daraja, hatutapata uongo katika maneno yako, na msafiri ataliwa. Mahali peupe katika ramani hapasemi, "Sikutazama hapa." Pasema, "Hapa hapana kitu." Aliyepaacha peupe ilhali aliona, amesema.

Nilisema tena, nisingepima mimi angepima mwingine. Hili lilinisumbua zaidi, kwa sababu nalo ni kweli. Lau wapimaji wa Dubuque wangaligoma wote, bila shaka Washington ingalipata wengine. Lakini hoja hii huonyesha tu kwamba dhuluma ingetokea. Haionyeshi kwamba ilikuwa lazima ipite mkononi mwangu. Tena inaficha kitu. Mipaka angeweza kuipima mtu yeyote. Kisima nilikiona mimi, na ushahidi wa macho haukaimiwi.

Mwisho nilisema, sikuwa na mamlaka. Mpimaji hatoi hati wala hamhamishi mtu. Hapo ndipo ile miti ya Iowa iliponishinda. Mti wa ushahidi hauna mamlaka juu ya shamba lolote. Haumiliki, hauamui, hauzuii. Umesimama tu pale ulipo na alama yake, na ukiulizwa pembe ilikuwa wapi, unaonyesha. Hakuna aliyewahi kuudai zaidi ya hapo. Hata mimi mzee yule hakunidai zaidi ya hapo.

Mwaka 2003 kijana mmoja alinitafuta mpaka akanipata nyumbani. Alinipa shikamoo, akakaa, akasema yeye ni mjukuu wa mzee yule. Babu yake alikuwa amekwisha kufa, lakini aliwaachia habari za mpimaji aliyekiona kisima. Walikuwa na kesi. "Mzee," aliniambia, "hatukuombi useme nani mwenye haki. Tunakuomba uandike ulichokiona."

Nilimwomba anipe wiki moja. Nilikuwa bado kazini, nina watoto wawili shuleni, na waliolipia kazi ile walikuwa bado na sauti kubwa. Jioni zile nilikaa mbele ya ramani yangu, nikirudia kusoma vitabu nilivyokuja navyo kutoka Iowa. Hapo nikakumbushwa habari za Wameskwaki, wale wale waliobishana na Notchininga. Nao hawakudumu. Kwa mkataba wa mwaka 1842 waliuza ardhi yao ya Iowa, wakapelekwa Kansas. Lakini baadhi yao hawakukubali kuondoka, na wengine walirudi kidogo kidogo. Mwaka 1856 bunge la jimbo liliwaruhusu kukaa, na mwaka 1857 wakachanga fedha wakanunua ekari 80 katika wilaya ya Tama, hati ikaandikwa kwa jina la gavana aishike kwa niaba yao. Ekari 80 ni sehemu moja ya nane ya kipande kimoja cha miraba ile. Yaani walirudi nchini kwao kwa kuingia katika ramani ile ile iliyochorwa bila wao. Leo ardhi yao pale inazidi ekari 8,000, na wanaiita makazi yao, kwa sababu hawakutengewa na mtu, waliinunua. Mstari haukuwa adui yao, wala haukuwa rafiki. Ulimlinda aliyeandikwa na kumpita asiyeandikwa.

Nikafikiri pia juu ya madaftari. Wapimaji wale walidhani wanaandika kwa ajili ya wanunuzi wa ardhi. Leo wataalamu wa mimea huyafungua ili wajue misitu ilikuwaje kabla ya kukatwa, mti kwa mti. Na kati ya mwaka 1946 na 1978, Marekani ilipokuwa na tume ya kusikiliza madai ya mataifa ya wenyeji, wanahistoria walizifungua tena ramani na nyaraka za kale wakitafuta nani aliishi wapi. Neno lililoandikwa kwa unyofu hungoja. Lakini nisimdanganye msomaji kwamba ukweli ukichelewa hurudisha kila kitu. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Wasioux walinyang'anywa Black Hills bila fidia ya haki, ingawa mkataba wa mwaka 1868 uliwahakikishia milima hiyo. Fedha walizopewa zilizidi dola milioni 100. Hawajazichukua mpaka leo. Wanasema walidai milima.

Siku ya sita nilikwenda masjala nikaomba daftari la mwaka 1991. Lilikuwapo, limekaa vumbi, na penseli ilisomeka. Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa mbili. Niliandika kisima kiko mita ngapi kutoka bikoni gani, na kuelekea upande gani. Niliandika maboma mawili. Niliandika makaburi, idadi yake saba, chini ya mgunga. Sikutia neno dhuluma, wala sikutoa maoni yangu juu ya mtu. Nikaweka sahihi na namba yangu ya usajili.

Kesi iliisha nusu kwa nusu. Walipewa haki ya kupitisha ng'ombe kwenda kisimani na kuyatunza makaburi, ardhi haikurudi. Na mimi sikufanywa kitu na mtu yeyote. Hilo linanitia haya kuliko adhabu, maana miaka kumi na miwili nilinyamaza kwa kukiogopa kitu ambacho hakikuja.

Kwa hiyo swali niliyeliuliza mwanzo naweza kulijibu, angalau kwa upande wangu. Ndiyo, mtu anaweza. Uaminifu kwa kazi aliyotumwa ni jambo jema, lakini mwenye kutuma hutuma kwa haja yake, na macho huona zaidi ya haja ya aliyewatuma. Kile kinachozidi ndicho mali ya mtu mwenyewe, na ndicho atakachoulizwa. Katika miaka yangu ya mwisho kazini niliwaambia vijana hivi: ramani chora kama ulivyoagizwa, lakini daftari lina kurasa za nyuma ambazo hakuna aliyeziagiza. Andikeni humo mlichokiona, kwa vipimo, mahali ambapo mtu atakipata. Baadhi yao walicheka. Mmoja wao, nasikia, hufanya hivyo.

Ramani bado iko ukutani. Sikuiondoa, kwa sababu bado ni kazi nzuri na kwa sababu mke wangu hajasahau lile koti. Ila kando yake, katika fremu ndogo, nimetundika nakala ya ramani ya Notchininga. Sasa wageni husimama wakauliza ni nchi gani hizi mbili. Huwajibu kwamba ni moja.